Maswali ya Wasomaji: Manjano, Ubani na Kapsuli ya Saa 12

Barua nyingi za safari hii zinahusu kapsuli za mitishamba za maumivu ya viungo, zile zinazosemekana kuachia dawa polepole mwilini. Majibu yametayarishwa na wafamasia na wakemia wa dawa wanaoandikia ukurasa huu.

Nina duka la dawa muhimu, Morogoro. Naletewa kapsuli za manjano zilizoandikwa "hufanya kazi saa 12". Nilifungua moja nikakuta unga wa manjano kama wa sokoni. Hizo saa 12 zinatoka wapi? Ni lile gamba?

Gamba halicheleweshi kitu. Jelatini ya kapsuli ya kawaida hulainika na kupasuka tumboni ndani ya robo saa, mara nyingi mapema zaidi, na hapo unga umeshamwagika kana kwamba mgonjwa ameulamba kwa kijiko. Kinachochelewesha dawa ni kile kinachozunguka kila chembe yake: wavu wa polima (molekuli ndefu kama nyuzi) ambao maji hayana budi kuupenya, kuyeyusha dawa iliyomo, kisha kutoka nayo kidogo kidogo. Pasipo wavu huo, au utando wa namna yake, hakuna polepole yoyote, lebo iseme itakavyo.

Kipimo cha kaunta ni hiki. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, tia kijiko kimoja cha siki, fungua kapsuli uimimine humo. Ikiwa maji yamegeuka tope la njano papo hapo, ulichonacho ni unga. Ukiona punje za duara zimetulia chini na maji yamebaki meupe au yamepauka njano kidogo baada ya nusu saa, kuna kazi imefanyika kiwandani. Kipimo hiki hakithibitishi saa 12, ila kinatosha kukuonyesha uongo wa wazi.

Sasa piga hesabu. Unga wa manjano una kurkumini, ile rangi inayotafutwa, asilimia 2 hadi 5 tu. Kapsuli ya miligramu 500 ya unga inabeba kati ya miligramu 10 na 25. Utafiti wa Thailand uliochapishwa 2014, kwa wagonjwa 367 wenye magoti yaliyolika gegedu, ulitumia miligramu 1,500 za kiziduo cha manjano (kile kinachotolewa kwenye unga kwa kuuloweka na kuukoleza) kwa siku, ukilinganisha na ibuprofeni miligramu 1,200. Baada ya wiki nne nafuu ilikaribiana, na waliokula manjano walilalamikia tumbo kidogo kuliko wenzao. Ni matokeo mazuri, lakini ni ya kiziduo kilichokolezwa. Unga wa kapsuli yako hauna haki ya kuyadai.

Tena kwa manjano, kasi siyo tatizo la kwanza. Kurkumini haiyeyuki katika maji, na ile kidogo inayoyeyuka hukamatwa na ukuta wa utumbo na ini, ikageuzwa na kutolewa kabla haijafika kwenye goti. Ukichelewesha kitu kisichoyeyuka, umechelewesha tu safari yake ya chooni. Ndiyo maana wengine huongeza piperini ya pilipili manga: Bangalore, 1998, miligramu 20 za piperini pamoja na gramu 2 za kurkumini zilipandisha kiasi kilichoingia damuni mara 20 hivi. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kuzuia vimeng'enya vinavyovunja dawa, na havichagui. Mteja anayetumia warfarini (ya kuzuia damu kuganda) au fenitoini (ya kifafa) asiuziwe mchanganyiko huo bila daktari wake kujua.

Sisi ni kikundi cha wasindikaji wa viungo, Muheza, tunashirikiana na chuo chenye maabara. Tunataka kufungia kiziduo cha manjano ndani ya punje za aljineti, ile jeli itokanayo na mwani. Tuanzie wapi, kwa vipimo gani, na wapi watu huharibu?

Viungo vya chungu kwa ajili ya viungo vya mwili: ni kazi inayowezekana kwa vyombo vya maabara ya kawaida ya chuo.

Anzieni na manjano yenyewe. Kateni vipande vya milimita 3 hadi 4, vikausheni kwenye kikaushio cha sola kilichofunikwa, nyuzi 50 hadi 60, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Msianike juani moja kwa moja, kwa sababu mwanga huipausha kurkumini. Sageni, chekecheni kwa chekeche ya nusu milimita.

Loweka gramu 100 za unga kwenye lita 1 ya ithanoli ya asilimia 95, chupa ya kahawia, saa 24, mkiitikisa mara kwa mara. Chujeni, rudieni kwa lita nyingine, changanyeni mavuno, kisha ondoeni ithanoli kwa mashine ya kuvukiza yenye pampu ya kufyonza hewa, nyuzi 40 hadi 45. Kinachobaki ni rojo zito la rangi ya chungwa iliyoiva. Hicho ndicho kiziduo. Kama manjano yenu yana asilimia 3, gramu 100 za unga hazitawapa zaidi ya gramu 3 za kurkumini. Uzito unaozidi hapo ni mafuta na utomvu. Spiriti ya rangi inayouzwa kwa ajili ya majiko msiiguse, kwani hutiwa methanoli makusudi ili isinyweke, na methanoli hupofusha. Na pasiwe na jiko la mkaa wala kiberiti karibu na chumba hicho.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama punje zitakuwa dawa au mapambo. Yeyusheni gramu 1 ya kiziduo pamoja na gramu 4 za polivinilipirolidoni K30 kwenye mililita 50 za ithanoli, vukizeni tena hadi mpate kitu kikavu kinachovunjika kama kashata, sageni kwenye kinu kidogo, chekecheni kwa robo milimita. Polima hii inayopenda maji huitawanya kurkumini isijipange kuwa fuwele. Mkiingiza fuwele kwenye punje, zitatoka fuwele vilevile, na utumbo hauna la kufanya nazo. Unga huu hunyonya unyevu haraka, kwa hiyo uhifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa pamoja na kipakiti cha silika. Kuna wanaokatisha njia kwa kumimina kiziduo kikiwa bado kwenye ithanoli ndani ya aljineti. Ithanoli ikizidi, aljineti hujitenga nyuzinyuzi kama yai lililotiwa kwenye supu, na batchi nzima imekwenda.

Aljineti: gramu 2 za sodiamu aljineti kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Nyunyizeni kidogo kidogo huku kikorogeo kikizunguka kwa nguvu, kama mtu anayetia unga kwenye uji akiogopa madonge. Ikishaiva, iacheni kwenye friji usiku kucha ili mapovu yapande. Punje yenye povu ndani huelea kwenye beseni na kukauka ikiwa na tundu. Asubuhi ongezeni gramu 2.5 za ule unga wenu (ndani yake mna gramu 0.5 za kiziduo), korogeni taratibu dakika 20.

Beseni la kugandishia ni mililita 200 za maji yaliyokenekwa zenye gramu 4 za kalsiamu kloraidi, ile yenye maji ya fuwele, ikizungushwa polepole. Vuteni mchanganyiko kwa bomba la sindano la mililita 10, sindano ya geji 23 iliyokatwa ncha ikawa bapa, na mdondoshe tone moja kwa sekunde kutoka sentimita 6 hadi 8 juu ya maji. Kila tone likigusa maji hugeuka punje, kwa kuwa kalsiamu hushika nyuzi mbili mbili za aljineti na kuzifunga pamoja. Ziacheni dakika 20, zichujeni, zisuuzeni mara mbili kwa mililita 50 za maji.

Ili zidumu zaidi utumboni, zivisheni kitosani, ambayo hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Gramu 0.5 ziyeyushwe kwenye mililita 100 za asidi ya siki ya asilimia 1, pH ipandishwe hadi 5 kwa matone ya sodiamu haidroksaidi, punje zikae humo dakika 20, zisuuzwe, kisha zikaushwe kwenye oveni nyuzi 40 hadi uzito usibadilike tena. Punje mbichi ya milimita 2 hadi 2.5 itasinyaa hadi kama milimita 1.

Sasa makosa. Punje zenye mkia kama viluwiluwi maana yake mchanganyiko ni mzito mno au sindano iko karibu mno na maji. Ongezeni maji kidogo au pandisheni mkono. Punje bapa kama dengu: mmeangusha kutoka juu mno, au beseni linazunguka kwa fujo. Mchanganyiko ukiganda kabla hata haujafika kwenye sindano, tazameni maji. Maji ya kisima yenye chokaa yana kalsiamu yake, nayo huanza kugandisha bila kuombwa. Rangi ikigeuka kutoka njano kuwa nyekundu ya damu ya mzee, kuna kitu cha magadi au masalia ya sabuni kwenye vyombo. Kurkumini hubadilika rangi penye alkali na huharibika hapo hapo. Na maji ya beseni yakibaki ya njano mwishoni, hiyo ni dawa yenu imetorokea humo pamoja na sehemu ya polivinilipirolidoni. Njano hafifu haikwepeki, lakini ikikolea, punguzeni muda wa kukaa beseni.

Kujua mmefungia kiasi gani, chukueni miligramu 100 za punje kavu, zilowekeni kwenye mililita 20 za sodiamu sitreti ya asilimia 2 iliyorekebishwa hadi pH 6. Sitreti hunyang'anya kalsiamu na punje hulegea zikavunjika. Jazeni ithanoli hadi mililita 100, chujeni, punguzeni mara 10 kwa ithanoli, msome kwenye spektrofotomita (kipima mwanga unaonywewa na myeyuko) katika nanomita 425. Linganisheni na mstari wa vipimo vya kurkumini safi ya viwango vinavyojulikana, msilinganishe na rangi kwa macho.

Kisha hesabu ambayo huvunja mioyo. Mmeweka gramu 2 za aljineti na 2.5 za unga: gramu 4.5 kavu, ndani yake nusu gramu ya kiziduo, yaani kama asilimia 11. Kapsuli namba 0 ina ujazo wa mililita 0.68. Punje zenye uzito wa gramu 0.7 kwa mililita zitaingia miligramu 480 hivi, ambazo zina miligramu 53 za kiziduo. Kufikia zile 1,500 za Thailand mgonjwa atameza kapsuli 28 kwa siku. Hiyo si dozi, ni mlo. Tena kiziduo cha Thailand kilisafishwa kuliko rojo lenu.

Njia ya kutoka ni kupandisha mzigo: tumieni kiziduo na polivinilipirolidoni sawa kwa sawa, muweke gramu 2 za unga huo kwenye gramu 2 za aljineti, mtafika asilimia 25, yaani miligramu 120 kwa kapsuli. Gharama yake ni kwamba dawa nyingi itakaa juu ya ngozi ya punje na kutoka kwa kishindo saa ya kwanza, na fuwele zitaanza kurudi mkihifadhi penye joto. Tunashauri mpande kwa hatua, 11, 15, 20, 25, na kila hatua mpime utokaji wake. Msikimbilie 25 kwa sababu tu ya kupunguza kapsuli.

Hadi hapo mna punje za majaribio. Kuziuza kama dawa Tanzania kunahitaji usajili kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mtaulizwa vipimo vya vijidudu na metali nzito. Kipengele cha risasi msikipuuze kwa manjano, kwa sababu mahali kama Bangladesh imeshagundulika kwamba manjano yalipakwa kromati ya risasi ili yang'ae.

Ni mkulima wa mwani, Jambiani. Nasikia hizo dawa hufungiwa kwa mwani. Je, ni huu wetu?

Siyo huu, mama, ingawa ni jamaa. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mnaolima nyinyi ni mwani mwekundu, na unachotoa ni karajinani. Mwani mwembamba, spinosamu, hutoa karajinani ya aina ya iota, inayoganda laini ikikutana na kalsiamu. Mwani mnene, kotonii, hutoa kappa, inayoganda ngumu na yenye kuvunjika ikikutana na potasiamu. Punje za kappa huwezekana kabisa: asilimia 2 iliyoyeyushwa kwa maji ya nyuzi 80, ikadondoshwa ingali moto kwenye potasiamu kloraidi ya asilimia 3 hadi 5 iliyopozwa. Kasoro yake ni hilo joto, na kwamba jeli ya kappa haina ile tabia ya aljineti ya kujikaza kwenye asidi ya tumbo. Wengi huichanganya na aljineti ili kila mmoja azibe pengo la mwenzake.

Kituko ni kwamba karajinani hiyo hiyo, ikidungwa kwenye unyayo wa panya wa maabara, huuvimbisha ndani ya saa chache, na ndiyo njia iliyozoeleka tangu 1962 ya kupima dawa za kuzuia uvimbe. Kudungwa na kuliwa ni mambo mawili. Mwani wa kachumbari usiogopwe kwa hilo.

Mombasa. Nyanya yangu hutafuna ubani kwa ajili ya magoti. Ubani upi ndio wenye dawa, na unafaa kufungiwa kwenye punje? Na kapsuli zenyewe ni halali?

Uliochunguzwa zaidi kwa magoti ni wa India, Boswellia serrata. Unaoletwa pwani kutoka Somalia huwa wa aina mbili. Beyo, wa Boswellia carteri, una asidi za bosweliki zinazotafutwa. Maidi, ule wa vipande vikubwa vyeupe unaopendwa kutafunwa, ni wa Boswellia frereana, nao hauna asidi hizo. Kwa hiyo kama nyanya anatafuna maidi, anapata harufu nzuri ya kinywa.

Kwa kufungia, ubani ni rahisi kuliko manjano kwa jambo moja: asidi za bosweliki haziyeyuki kwenye asidi ya tumbo, huyeyuka kidogo penye alkali ya utumbo. Aljineti nayo hujikaza tumboni na kufunguka utumboni, kwa hiyo vinaenda pamoja. Ila hufyonzwa vizuri zaidi penye mafuta. Kapsuli ya ubani imezwe na chakula chenye nazi au samli, isimezwe kwa chai kavu.

Uliuliza pia kama kapsuli ni halali. Jelatini hutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na lebo nyingi hazisemi. Omba za haipromelosi, za asili ya mimea. Zina faida nyingine pwani: unyevu wake ni asilimia 3 hadi 7, wakati jelatini inahitaji 13 hadi 16 ili isipasuke. Punje kavu za aljineti hunyonya unyevu wa gamba la jelatini, na baada ya miezi michache gamba hukatika vidoleni.

Mwanafunzi wa famasia, Nairobi. Punje zangu zinatulia saa mbili kwenye asidi ya pH 1.2. Nikizihamishia fosfeti ya pH 6.8 zinayeyuka zote kwa saa moja na nusu. Halafu grafu ya kurkumini inapanda hadi saa ya tatu, kisha inashuka! Dawa inarudi ndani ya punje?

Hairudi. Una mambo mawili yaliyochanganyika.

La kwanza, fosfeti hukamata kalsiamu na sodiamu huchukua nafasi yake, wavu hufunguka. Aljineti tupu hufanya hivyo kila mara, hukukosea. Tena bafa ya maabara (myeyuko unaoshikilia pH isibadilike) ina fosfeti nyingi kuliko majimaji ya utumbo, kwa hiyo kipimo hiki ni kikali kuliko hali halisi. Tiba yake ni ngozi ya kitosani au utando wa ethiliselulosi. Usishawishike na makala zinazotumia bariamu badala ya kalsiamu kwa kuwa hukaza zaidi. Bariamu inayoyeyuka ni sumu ya moyo, na punje hizo hazitamezwa na mtu.

La pili, grafu inashuka kwa sababu kurkumini iliyotoka inaoza ndani ya chombo. Kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.2, nyuzi 37, bila protini, asilimia 90 hivi hupotea ndani ya nusu saa, na hili limeandikwa tangu 1997. Kwenye 6.8 huenda polepole zaidi, lakini saa 12 ni nyingi. Ongeza Tween 80 ya asilimia 1, kiyeyushi cha jamii ya sabuni ambacho huiyeyusha na kuikinga, na asidi askobiki kidogo. Funika vyombo kwa karatasi ya fedha. Muhimu kuliko yote, weka chombo cha pembeni chenye kurkumini huru ya kiasi kinachojulikana, ukipime kila saa ile ile. Kinachopotea humo ndicho unachopaswa kukirudisha kwenye hesabu yako.

Ukifika kwenye mlinganyo wa Korsmeyer na Peppas, ambao kipeo chake n huonyesha dawa inatokaje kwenye polima, tumia data za asilimia 60 za mwanzo tu. Kwa punje za duara mipaka ya n ni 0.43 kwa utokaji wa mtawanyiko na 0.85 kwa ule unaoongozwa na kuvimba kwa polima. Zile 0.5 na 1 ni za utando bapa. Na kama n yako ni 0.2, usitafute falsafa: dawa ilikuwa juu ya punje, umesahau kusuuza.

Lengo linaloeleweka ni chini ya asilimia 10 kutoka kwenye asidi baada ya saa mbili, karibu nusu ifikapo saa ya 6, na zaidi ya 80 ifikapo saa ya 12. Zaidi ya hapo kwa dawa ya kumeza hatuoni maana. Chakula hukaa tumboni saa 2 hadi 4, utumbo mwembamba 3 hadi 4. Baada ya hapo punje zimeingia utumbo mpana ambako ufyonzaji ni hafifu na bakteria nao huanza kuila kurkumini.

Kwa nini dawa hizi zisidungwe moja kwa moja gotini zikakaa huko miezi?

Wazo hilo lipo na limefika sokoni, ila si kwa mitishamba. Oktoba 2017 Marekani iliidhinisha Zilretta: triamsinoloni miligramu 32 ndani ya vipunje vya polima ya asidi ya laktiki na glaikoliki, sindano moja gotini. Polima huoza taratibu ikiachia dawa kwa wiki nyingi. Viziduo vya mimea vimejaribiwa kwa njia hiyo kwa panya na sungura. Goti halina asidi ya kuua vijidudu kama tumbo. Kitu chochote kisicho tasa kikiingia humo, gegedu linaweza kuliwa na usaha kwa siku chache. Punje za Muheza zilizoelezwa hapo juu zisikaribie sindano.

Naishi na bibi, hawezi kumeza kapsuli. Naweza kufungua na kumwagia kwenye uji?

Kufungua ruhusa, uji moto hapana. Joto na maji huzivimbisha punje na kuanza kuziachia bakulini. Mwagia kwenye vijiko viwili vya mtindi baridi. Uchachu wake huzitunza. Ale papo hapo bila kutafuna, afuatie maji. Akitafuna, dozi ya saa 12 imetoka kwa mara moja. Kama bibi ana mawe kwenye kibofu cha nyongo, manjano yaliyokolezwa yasimkaribie.

Mwanza. Mama ana baridi yabisi, anameza methotreksati kila wiki. Jirani anamwambia aiache atumie kapsuli za manjano na piperini kwa kuwa "ni za asili na zinaachia polepole". Tufanyeje?

Asiiache. Utafiti wa Thailand tulioutaja ulikuwa wa magoti yaliyolika kwa umri. Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine: kinga ya mwili inashambulia viungo, na mfupa ulioliwa haurudi. Methotreksati huzuia kuliwa huko. Manjano, hata yakifika damuni, hupunguza maumivu kidogo tu.

Kuviunganisha nako kuna shida ya ini. Methotreksati yenyewe hupimiwa ini mara kwa mara. Na 2022 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumia ini kutokana na bidhaa za manjano, mmoja akafariki. Baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa na piperini. Mama akitumia vyote viwili na vimeng'enya vya ini vikapanda, daktari hatajua amlaumu nani, na kwa kawaida atasimamisha methotreksati kwanza. Kama ameshaanza kapsuli, amwambie daktari wake, na aende akapime ini bila kungoja tarehe ya kliniki. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano au kuwashwa mwili mzima ni sababu ya kwenda siku hiyo hiyo.

Nilinunua dawa ya asili ya viungo, isiyo na jina la mtengenezaji. Maumivu yaliisha ndani ya saa moja, na sasa nina miezi minne naitumia. Uso umenenepa. Hii si ndiyo bora kuliko hizo za polepole?

Saa moja ndiyo inayotutia wasiwasi. Hakuna manjano, ubani wala tangawizi inayotuliza goti kwa saa moja. Huchukua siku hadi wiki. Dawa za "asili" za viungo zilizochanganywa kwa siri na diklofenaki, deksamethasoni au prednisoloni zimekamatwa nchi nyingi, na uso kunenepa baada ya miezi minne unafanana sana na steroidi.

Usiiache ghafla leo. Mwili uliopewa steroidi kwa miezi huacha kutengeneza za kwake, na ukikatisha mara moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu kushuka hadi kuzimia. Chukua chupa yenyewe, pamoja na zilizobaki ndani, uende hospitali wiki hii. Mwambie daktari umekunywa ngapi kwa siku na tangu lini. Aangalie sukari na presha, na yeye ndiye atakayekupunguzia kwa hatua. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, usingoje miadi. Zilizobaki kwenye chupa usizitupe wala usimgawie mtu, kwa maana maabara ya serikali itazihitaji kujua ndani mna nini.